Siku Tatu katika Hoteli Ndogo ya Nairobi

Sisi tunaoishi katika makao ya askari tukisikia neno hoteli hufikiria mambo mawili. La kwanza ni jumba refu lenye bendera mlangoni, ambamo huingia mawaziri na wageni wa mbali, nasi hulitazama tukiwa ng'ambo ya barabara. La pili ni nyumba ya wageni iliyo karibu na kituo cha mabasi, ambamo msafiri hulala kwa shida usiku mmoja ili apate kuendelea na safari yake. Kati ya hizo mbili wengi wetu hudhani kwamba hakuna kitu. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka mume wangu aliporudi nyumbani kutoka kazini ng'ambo, ikatubidi kutafuta mahali pa kupumzika.

Mume wangu ni koplo wa polisi. Alikaa mwaka mzima nchini Somalia pamoja na kikosi cha polisi katika ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Afrika, kisha akarudi na kupewa likizo. Siku za kwanza nyumba yetu ilijaa ndugu, majirani na vicheko. Wageni walipokwisha kuondoka ndipo nilipotambua ya kwamba mtu niliyempokea hakuwa amefika bado. Hakuwa akilala. Bati la jirani likigongwa na upepo, yeye alikuwa ameketi kitandani macho wazi. Mchana maneno yake yalikuwa machache, na watoto walianza kumwogopa.

Wenzangu wanayajua makao yetu. Ni kile kijumba cha duara cha bati kilichopewa jina la "mama ingia pole", kwani anayeingia hana budi kuinama na kwenda polepole. Mchana huwaka kama chungu jikoni, usiku hupoa kama jiwe. Pazia moja tu ndilo linalotenga kitanda chetu na mikeka ya watoto wanne. Neno lisemwalo upande huu wa pazia husikika upande wa pili, na likisemwa kwa nguvu kidogo humfikia jirani. Mambo aliyokuja nayo baba watoto moyoni hayakuwa ya kusemwa mahali kama hapo.

SHAURI LA NYUMBANI

Jioni moja tulifungua daftari letu la matumizi. Fedha alizoweka akiba tulikuwa tumekwisha kuzigawa: karo ya watoto, mabati ya nyumba tunayoijenga kijijini, na deni la dukani. Lilibaki fungu dogo ambalo halikuwa na jina. Mume wangu alisema, "Mama watoto, mwaka mzima nimelala katika vumbi. Nataka usiku mmoja tu nilale kama waziri." Nikamwuliza, "Usiku mmoja, halafu?" Yeye akanyamaza, nami nikaona haya kwa kuliuliza swali hilo kwa ukali.

Aliyetutoa katika mabishano ni binamu yangu, dereva wa malori ya Mombasa, ambaye hupita Nairobi mara kwa mara. Alitueleza kwamba katika mji ule ziko hoteli ndogo zenye vyumba kumi au ishirini, zilizopambwa kwa ustadi na kutunzwa vizuri, na kwamba fedha za usiku mmoja katika jumba kubwa huweza kulipia siku tatu katika hoteli ya namna hiyo. Tena mume wangu aliona faida nyingine ya kutoka nje ya nchi. Huko Kampala angekutana na mwenzake wa kazi katika kila njia panda, na kabla jua halijatua angekuwa amekwisha kuitwa zamu.

Basi alimwendea mkuu wake, akaomba ruhusa ya kusafiri kwa maandishi, akaipata. Watoto tuliwaacha Tororo kwa shangazi yao, tukapanda basi. Pale mpakani Malaba tulionyesha vitambulisho vyetu vya taifa, kwani tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wameruhusiwa kuvitumia kuvuka mipaka kati ya nchi hizo tatu. Mimi nilikuwa nimefunga viatu katika kavera mbili. Abiria mmoja alinikumbusha kwamba Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017. Nilizitoa nikaziacha upande wetu, na viatu nikavifunga kwa leso.

USIKU WA KWANZA

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Tulifika Nairobi saa tatu usiku, na kwa tamaa ya kuokoa fedha nilishauri tulale katika nyumba ya wageni ya bei ndogo karibu na kituo cha mabasi, kisha hoteli tuihamie asubuhi. Bei ilikuwa ndogo kweli. Lakini kitasa cha mlango kilikuwa kimekufa, na badala yake palikuwa na msumari uliopindwa. Chini yetu palikuwa na baa iliyopiga muziki hadi alfajiri. Maji yalikuwa ya baridi, na taulo tulidaiwa fedha zake pekee. Mume wangu aliisukuma meza mpaka mlangoni, akaweka kiti, akaketi hapo hadi kulipopambazuka. Hivyo ndivyo usiku wa kwanza wa likizo yetu askari wangu alivyoupitisha: akiwa zamu.

Asubuhi nilipopiga hesabu ya chumba, taulo, chai tuliyonunua nje, na gari la kutuhamisha, niliona kwamba sikuwa nimeokoa kitu cha maana. Bei ndogo na bei nafuu si jambo moja. Bei ndogo huonekana mlangoni, bali unafuu mtu huujua asubuhi anapoamka.

NYUMBA YA VYUMBA KUMI NA VINNE

Hoteli tuliyoiendea iko upande wa Parklands. Jina lake silitaji, maana makala haya si tangazo la biashara. Ni nyumba ya zamani ya mawe ya kijivu, ya ghorofa moja, yenye paa la vigae vyekundu na baraza pana mbele. Zamani ilikuwa makao ya familia moja kubwa, na sasa ina vyumba kumi na vinne vya wageni.

Mapokezi yake ni meza moja ya mbao, na nyuma yake mzee mwenye miwani. Hakututazama viatu kwanza. Alisimama, akasema, "Karibuni, mmesafiri salama?" akaagiza chai kabla ya kutuandikisha. Nilipotoa fedha aliniambia, "Keti kwanza, mama. Hesabu haikimbii."

Chumba chetu hakikuwa kikubwa. Sakafu yake ilikuwa ya mbao iliyosuguliwa kwa nta mpaka ikatoa mwanga. Kitanda kilikuwa na shuka nyeupe zilizopigwa pasi, na miguuni palikunjwa blanketi zito. Mapazia yalishonwa kwa kikoi cha buluu, na kitambaa kile kile kilifunika mito miwili juu ya kiti cha dirishani. Ukutani palikuwa na picha tatu tu, zote za magari-moshi ya zamani. Taa ya kitandani ilitengenezwa kwa mtungi mdogo wa udongo. Nilizunguka nikivigusa vitu hivyo kimoja kimoja, nikatambua kwamba hakuna hata kimoja ambacho fundi wa kwetu angeshindwa kukitengeneza. Uzuri wake ulikuwa katika kuchaguliwa, na kuwekwa mahali pake, na kufutwa vumbi kila siku.

Jioni tuliporudi kutoka matembezini tulikuta chupa ya mpira yenye maji ya moto imewekwa chini ya blanketi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai baridi yake huingia mifupani. Mlango ulifungwa kwa ufunguo wa chuma uliozunguka mara mbili. Mume wangu aliuzungusha, akaujaribu, akauzungusha tena. Kisha akalala.

Asubuhi hakuamka saa kumi na mbili kama desturi yake, wala saa mbili. Niliteremka peke yangu kwenda kula: papai, mayai, mandazi, na chai ya maziwa yenye tangawizi. Saa ya kifungua kinywa ilipokwisha, mhudumu aliniuliza, "Mzee amechoka?" Nikamjibu kwamba ametoka mbali. Hakuuliza zaidi. Aliandaa sahani moja, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka jikoni penye joto. Baba watoto alishuka saa nne na nusu, akakuta chakula chake kinamngoja. Tangu arudi kutoka Somalia hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiwa na alama ya mto shavuni.

Usiku wa pili alizungumza. Alianza kwa jambo dogo, habari ya kuku waliyemfuga kambini, kisha akaendelea mpaka usiku wa manane. Aliyoniambia si ya gazetini. Itoshe kusema kwamba palikuwa na mlango uliofungwa, na kuta za mawe, na hakuna mtoto aliyesikia. Laiti tungelikwenda katika jumba la bendera, huenda usiku wetu mmoja ungeliisha tukistaajabia taa.

ASILI YA HOTELI HIZI

Nyumba ndogo za wageni zenye ustadi zimekuwako tangu zamani katika miji mingi, lakini mtindo huu ulivuma katika miaka ya themanini ya karne iliyopita. Mjini London, mwaka 1978, Anouska Hempel alifungua hoteli iitwayo Blakes. Mwaka 1984 Ian Schrager na Steve Rubell walifungua Morgans mjini New York, nao wakampa kazi ya kuipamba Andrée Putman, bibi wa Kifaransa. Husimuliwa kwamba Rubell alizilinganisha hoteli kubwa na maduka makubwa yauzayo kila kitu, na hoteli yake na duka dogo la mitindo, ambalo mwenyewe huchagua kila nguo iliyomo. Mfano huo ndio uliozipa hoteli za namna hii jina lao katika lugha za huko.

Jambo lililonifurahisha katika habari hizo ni hili. Bibi Putman hakupewa fedha nyingi za kazi ile. Kwa sababu hiyo katika mabafu alitumia vigae vya bei ndogo, vyeusi na vyeupe, akavipanga kwa mraba kama ubao wa drafti. Vigae hivyo vya bei ndogo ndivyo vilivyokuja kusifiwa duniani kote. Kwa hiyo bibi wa nyumba asikate tamaa kwa kuwa mkoba wake ni mwepesi.

KUUTAZAMA MJI

Hoteli ndogo haina bustani za kuogelea wala kumbi za muziki, kwa hiyo humfanya mgeni atoke akauone mji. Sisi tulitoka kwa miguu na kwa matatu, tukaona mambo mengi kwa fedha kidogo.

Mahali pa kwanza tulipofika ni barabara ya Kenyatta, penye sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa mwaka 1928 kuwakumbuka askari wa Kiafrika na wapagazi waliotumikia vita vya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki. Maandishi yake yameandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Wapagazi wale walibeba risasi na chakula vichwani kwa mamia ya maili, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi na njaa. Mtaa wa Kariokor mjini Nairobi, na Kariakoo ya Dar es Salaam, huchukua jina la kikosi chao. Magari yalikuwa yakipita kwa kelele pande zote mbili, lakini mume wangu alisimama wima pale kwa muda mrefu, mikono ubavuni. Sikumharakisha.

Siku iliyofuata tulikwenda katika makumbusho ya reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971 karibu na stesheni. Humo mna magari-moshi ya reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Iliitwa Reli ya Uganda, na mji wa Nairobi wenyewe ulizaliwa kama kambi yake. Tulipanda ndani ya behewa la zamani tukaketi kama wasafiri, tukacheka. Nje tukanunua mahindi ya kuchoma, tukala tukitembea.

JINSI YA KUCHAGUA

Wenzangu kadhaa wamekwisha kuniuliza namna ya kuipata hoteli ya aina hiyo. Nawapa haya niliyojifunza, mengine kwa kukosea.

Kwanza, piga simu wewe mwenyewe kabla ya kusafiri, usikilize unavyojibiwa. Hoteli isiyokuwa na subira katika simu haitakuwa na subira mlangoni. Yule mzee wa miwani alinijibu maswali sita bila kuonyesha uchovu.

Pili, uliza kama bei uliyotajiwa ina kodi ndani yake. Nchini Kenya kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16, na uko ushuru wa utalii wa asilimia 2. Tuseme umetajiwa shilingi 5,000 bila kodi. Utaongezewa shilingi 800 na shilingi 100, na hesabu yako itakuwa shilingi 5,900 kwa usiku mmoja. Kwa siku tatu tofauti hiyo ni shilingi 2,700, nayo huweza kuwa nauli yako. Uliza pia kama bei ni ya chumba au ya kila mtu, na kama chakula cha asubuhi kimo.

Tatu, omba chumba kisichotazama barabara, na uulize kama karibu pana baa, kanisa au msikiti, shule au karakana. Mtu anayekwenda kupumzika hununua kimya kabla ya kununua mapambo.

Nne, ukifika, omba kukiona chumba kabla ya kulipa. Jaribu kitasa, fungua bomba la maji ya moto ungoje mpaka maji yapate joto kweli, inua shuka uone godoro. Usione haya, kwani mwenye hoteli nzuri hufurahi kukaguliwa. Sisi askari na wake zao tumezoea ukaguzi.

Tano, ujue saa ya kuondoka. Hoteli nyingi humtaka mgeni atoke chumbani saa nne asubuhi, au baadaye kidogo. Kama basi lako ni la usiku, uliza kama mizigo yako itatunzwa mpaka jioni. Ya kwetu ilitunzwa bila malipo, tena tukapewa chai ya kuagana.

Sita, ikague stakabadhi mstari kwa mstari, na uitunze. Ukiona jambo usilolielewa, uliza kwa upole papo hapo, maana ukishapanda basi hakuna atakayekusikia.

Wako watakaosema kwamba fedha za likizo ni fedha zilizotupwa, na afadhali zingenunua mbuzi. Siwalaumu. Mwenye mwana asiye na karo hana haki ya kulala hotelini. Nami nisingelikubali kama daftari letu lisingelikuwa limekwisha kutengwa mafungu. Lakini familia ya askari hulipa gharama nyingine isiyoandikwa katika daftari lolote, na mara nyingine hakuna budi itengewe fungu.

KURUDI NYUMBANI

Tulirudi kwa njia ile ile, tukawachukua watoto Tororo, na jioni tukainama tena kuingia katika kijumba chetu cha bati. Hakuna kilichobadilika humo, ila macho yangu. Juma lile nililishusha pazia kuukuu nikaushona mwingine wa kikoi, mzito, unaofika chini. Mtungi uliokuwa umepasuka mdomo niliugeuza kuwa kishikio cha taa. Ukutani niliondoa kalenda zote za miaka iliyopita, nikabakiza picha moja ya baba watoto akiwa na wanawe. Shuka zetu mbili nzuri, zilizokuwa zikingoja wageni sandukuni, nilizitoa nikazipiga pasi, nikatandika.

Tena nimepatana na jirani yangu, ambaye mumewe yuko kazini kaskazini. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana watoto wangu huenda kwake kwa saa mbili, na Jumapili wake huja kwangu. Katika saa hizo mbili tunaurudisha mlango, na mimi na mume wangu tunakunywa chai ya tangawizi tukizungumza. Jumamosi iliyopita, katikati ya mazungumzo, nilisikia amenyamaza. Nilipogeuka nilikuta amelala, na nje upepo ulikuwa ukigonga mabati.